Simu ya Upepo: Nani Aliruhusiwa Kujibu?

Siku hizi familia ikitoka na magari mawili, mawasiliano si hoja. Wa mbele anatuma lokesheni, wa nyuma anapiga simu kuuliza mtasimama wapi kununua maji. Ni rahisi kudhani mambo yamekuwa hivi tangu zamani. Enyewe hayajakuwa. Kwa watu wa Homa Bay na Migori, kaunti mbili ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, kuongea na mtu aliye njiani ni jambo la juzi tu. Na si kwamba kifaa hakikuwepo.

Kifaa kilikuwepo. Kwa Kiswahili kiliitwa simu ya upepo, maana sauti ilisafiri bila waya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Galvin Manufacturing, kampuni ambayo baadaye ikaitwa Motorola, ilitengeneza SCR-300, redio ambayo askari wa Marekani aliibeba mgongoni. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 14. Ndiyo iliyolipa jina la woki-toki umaarufu. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikiliza. Wawili hamwezi kuongea kwa pamoja, kwa hivyo mtu humaliza kwa kusema "ova" ili kumpisha mwenzake. Woki-toki ya leo inatoshea mfukoni, haitaki laini, haili bando, na haijali kama kuna mnara wa simu karibu.

Lakini kwetu simu ya upepo ilikuwa ya watu wenye kazi maalum. Polisi walikuwa nayo. Askari wa wanyamapori nao wakaipata. AMREF ilipoanzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, redio ndiyo iliyokuja kuunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali huku Afrika Mashariki na kituo chao Nairobi, ili muuguzi aombe ushauri au ndege. Mgonjwa angeweza kuokolewa na redio hiyo, lakini jamaa zake hawakuwa na ya kwao ya kuulizia hali yake.

Bei ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba hewa ilikuwa ya serikali. Masafa yalitaka leseni, na yanataka hadi leo ukitumia redio yenye nguvu. Utangazaji nao ulikuwa mikononi mwa Voice of Kenya, baadaye KBC, mpaka stesheni za kibinafsi zilipoanza kuruhusiwa miaka ya 1990. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, walikimbilia studio za Voice of Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imeangushwa. Sidhani wakubwa waliopitia siku hiyo wangefurahia kila boma liwe na simu ya upepo.

Basi watu wakatumia walichokuwa nacho, yaani redio ya kusikiliza tu. Mtu akifa kijijini, familia ililipia tangazo la kifo. Tangazo halikutaja marehemu peke yake. Liliita majina ya watoto, ndugu na wakwe, na mahali kila mmoja alipofanyia kazi: huyu wa Nairobi, yule wa Mombasa, mwingine wa kiwanda cha sukari. Hata kama hukuwa karibu na redio, jirani aliyesikia jina lako alikuja kukugongea mlango. Jibu lilikuwa wewe mwenyewe, ukishuka basi Rongo alfajiri ukiwa na begi. Wasikilizaji ndio waliokuwa nusu ya pili ya mtambo.

Kulikuwa pia na kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukajaza majina ya unaowasalimu, ukaipeleka, ukangoja mtangazaji aisome. Mama angeweza kujua kwamba mwanawe yuko hai Nakuru kwa sababu jina lake limesomwa katikati ya nyimbo mbili. Tunacheka wapenzi wa salamu kama watu wasio na shughuli, lakini kwa wengi wao hiyo ilikuwa barua ya bei nafuu.

Simu ya mezani haikusaidia sana. Mwaka 1999 Kenya ilikuwa na laini kama 300,000 hivi, kwa watu zaidi ya milioni 28. Kisha Safaricom na KenCell zikaja mwaka 2000, M-Pesa ikafuata 2007, na ndani ya miaka michache dani aliyekuwa akingoja salamu redioni akawa anapigiwa simu jikoni. Woki-toki ikarukwa kabisa. Tulitoka kwenye tangazo la kifo moja kwa moja hadi kwenye simu ya mkononi.

Nilielewa tulichoruka Desemba moja, tulipotoka Rongo na magari matatu kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kule Bonde la Lambwe, kuwatafuta korongo, swala ambao nchini Kenya wamebaki pale tu. Binamu alikuja na woki-toki tatu. Mtandao ulipoanza kupotea, redio zikaendelea kufanya kazi, mradi magari hayajatengana sana na kilima hakijaingia katikati. Kumbe kila mtu alisikia kila kitu. Dani akichagua njia, magari yote matatu yalisikia, na hakuna aliyeweza kumkatiza mpaka aachie kitufe. Kwenye simu, wajomba wangekuwa wameshamalizana pembeni kabla hata hajaulizwa.

Kwa matembezi ya familia hiyo ni raha tu. Ziwani ni jambo zito. Wavuvi wa Mbita, Mfangano, Karungu na Muhuru huingia majini usiku, simu ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ukienda mbali mtandao unafifia, na ukikaribia mpaka simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania. Dhoruba ikipiga, mwenye salio na asiye na salio wote wanakuwa sawa. Na hata simu ikiingia, inamfikia mtu mmoja, ambaye pengine amelala. Ukiita kwenye redio, kila boti iliyo karibu na iliyofungua chaneli hiyo inasikia. Mabaharia duniani wana chaneli moja ya dharura kwa ajili hiyo, ya 16, na wenye redio huiacha wazi wakiwa safarini.

Sheria ya leseni ilitungwa ili masafa yasigongane, na hiyo ni sababu nzuri. Lakini tukiiacha peke yake, simu ya upepo itabaki ya askari na ya hoteli kubwa. Vikundi vya kusimamia fuo, zile BMU, tayari viko kila ufuo na vinajua boti gani imetoka na nani yumo. Kaunti zetu mbili zinaweza kuviombea masafa ya pamoja na kuvinunulia redio. Kinachobaki kupangwa ni nani atakaa ufukweni usiku kusikiliza, na nani atamlipa.