Waya wa Sensa: Historia ya Ufundi Uliokulia katika Magari Yaliyofumuliwa Injini

Waya wa sensa hauwashi taa wala hauzungushi stata. Kazi yake ni kupeleka habari kwenye kompyuta ya injini: maji yana joto kiasi gani, kilango cha hewa kimefunguka kiasi gani, krenki imefika wapi katika mzunguko wake. Ufundi wa kutengeneza nyaya hizo ulikomaa Marekani kati ya miaka ya 1970 na 2000, na sehemu kubwa ya maarifa yake haikutoka kwa mawakala wa viwanda. Ilitoka katika mabanda ya watu waliofumua magari yao na kuyafunga upya ili yawe na nguvu zaidi. Gari la namna hiyo lina joto jingi, mtikisiko mwingi, na mikono mingi imekwishapita juu ya nyaya zake. Kasoro ambayo katika gari la kawaida ingelala miaka kumi hujitokeza mapema.

Watu hao walianza kabla sensa hazijakuwapo. Kusini mwa California, katika miaka ya 1930, vijana walinunua Ford za bei rahisi, hasa zenye injini ya V8 iliyotoka mwaka 1932, wakazivua madigadi na boneti, kisha wakaenda kushindana kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Chama chao, SCTA, kiliundwa 1937, na jarida la Hot Rod likaanza kutoka Januari 1948. Umeme wa magari yale ulikuwa wa volti 6, na nyaya zake chache zilivikwa uzi wa pamba uliopakwa vanishi. Karibu zote zilibeba nguvu: kwenda kwenye koili, kwenye taa, kwenye stata. Waya ukikatika, fundi alimenya ncha mbili, akazisokota pamoja, akazungushia tepu. Kiungo kibovu kikipoteza nusu volti, taa ilififia kidogo na safari ikaendelea. Chombo cha kupimia kilikuwa balbu yenye sindano upande mmoja na kibanio upande wa pili. Ikiwaka, umeme upo. Mbinu hizo zilitosha kwa zaidi ya miaka 30, na ndizo zilizokuja kuwaponza waliozirithi.

Mageuzi yaliletwa na moshi. Julai 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu uliochoma macho na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia wa chuo cha Caltech, alionyesha kwamba ukungu huo huzaliwa pale moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta unapopigwa na jua. California ikaweka viwango vya moshi kwa magari mapya ya 1966, na sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 ikadai uchafu mkuu utokao kwenye magari upunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Kabureta, iliyopima mafuta kwa tundu na mvuto wa hewa, haikuumbwa kwa hesabu kali kiasi hicho.

Njia nyingine ilikuwa imekwishajaribiwa. Kampuni ya Bendix ilitangaza mfumo wake wa kupuliza mafuta kwa umeme mwaka 1957, na magari machache ya Chrysler ya 1958 yakauzwa nao. Hayakufanya vizuri, mengi yalirudishiwa kabureta, na hataza zikaishia mikononi mwa Bosch ya Ujerumani. Mwaka 1967 Bosch ilileta D-Jetronic katika Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani. Humo mlikuwa na sensa ya shinikizo la hewa ndani ya manifoldi, sensa za joto, swichi ya kilango cha hewa, na platini za ziada ndani ya distribyuta za kuiambia kompyuta wakati wa kufungua nozeli. Mwaka 1976 Volvo ikawa ya kwanza kuuza magari yenye sensa ya oksijeni katika bomba la moshi, nayo yalikwenda soko la Marekani. Kufikia 1981 General Motors ilikuwa imeweka kompyuta katika karibu magari yake yote ya abiria yaliyouzwa nchini humo.

Kwa fundi, tofauti ilikuwa katika udogo wa umeme wenyewe. Sensa ya oksijeni hutoa kati ya volti 0.1 na 0.9, na kompyuta huamua kama mafuta yamezidi au yamepungua kwa kutazama kama umeme huo uko juu au chini ya takriban 0.45. Nusu volti ile iliyokuwa ikififisha taa sasa ni zaidi ya nusu ya masafa yote ya kipimo. Sensa ya joto la maji nayo ni kinzani ambacho ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Kompyuta hukipelekea volti 5 na kusoma kiasi kilichobaki. Waya ukikatika, volti 5 hubaki nzima, na kompyuta husoma baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Isipokuwa imewekewa kadirio la akiba, humwaga mafuta kana kwamba gari liko katika ncha ya dunia: plagi zinaota masizi, moshi unakuwa mweusi, na mwenye gari anabadilisha pampu na nozeli ambazo hazina kosa lolote. Ile balbu ya kupimia, kwa kuwa hujivutia umeme wake yenyewe, iligeuka hatari kwa kompyuta. Vitabu vya ufundi vya miaka ya 1980 vikaanza kudai mita ya kidijitali yenye ukinzani wa ndani wa omu milioni 10.

Wapenzi wengi wa magari ya nguvu walijibu kwa kung'oa kila kitu na kurudisha kabureta. Walioleta njia nyingine walikuwa wenye Mustang.

Kuanzia modeli ya 1986, Ford Mustang ya V8 ya lita 5.0 ilitoka na nozeli kwa kila silinda, ikiongozwa na kompyuta iitwayo EEC-IV yenye soketi ya pini 60. Ilikuwa nyepesi, yenye nguvu, na vijana waliimudu bei yake. Lakini kompyuta hiyo haikupima hewa inayoingia. Iliikadiria kutokana na shinikizo la manifoldi, joto la hewa na kasi ya krenki, kwa kufuata jedwali lililotayarishwa kwa injini ile ya kiwandani. Mtu akifunga kamshafti kali zaidi, valvu za kuingiza na za kutoa hubaki wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi na mvuto ndani ya manifoldi hupungua. Kompyuta iliona hivyo ikadhani injini imebebeshwa mzigo, ikaongeza mafuta. Gari lilinguruma kwa kupanda na kushuka, au lilizimika kwenye taa za barabarani. Mmiliki alinunua sensa mpya, na tatizo likabaki palepale, kwa kuwa sensa ya zamani ilikuwa ikisema kweli kuhusu injini ambayo jedwali halikuijua.

Mwaka 1988 Mustang za California, na mwaka 1989 za nchi nzima, zilipewa kipima hewa chenye waya wa moto, ambacho hupima hewa yenyewe inavyopita. Sasa injini iliweza kubadilishwa kwa kiasi kikubwa na kompyuta ikaendelea kufuata. Wenye magari ya 1986 hadi 1988 wakaanza kuhamisha mfumo huo: kompyuta ya aina mpya, kipima hewa, na nyaya nne za kukifunga, mbili za umeme na mbili za habari. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kufungua soketi ya kompyuta, kuchomoa pini bila kuvunja kibanio chake, na kusoma mchoro wa nyaya pini kwa pini. Shule ya ufundi huu kwa watu wa kawaida ilianzia hapo kuliko mahali pengine popote.

Gari hilohilo liliwafundisha pia ugonjwa wa soketi. Nyuma ya injini kulikuwa na soketi mbili za duara zenye pini kumi kila moja, moja nyeupe na moja nyeusi, zilizopachikwa jina la kikopo cha chumvi na kikopo cha pilipili. Nyaya za nozeli na za baadhi ya sensa zilipita humo. Kila injini iliposhushwa, soketi hizo zilivutwa, zikaingia mafuta na unyevu, pini zikaota ukoko wa kijani, na sensa kadhaa zikaonekana kufa kwa pamoja. Sensa mbili au tatu zikidanganya siku moja, fundi mwenye uzoefu hutafuta kwanza njia zinayoshiriki, hasa waya wa kurudishia umeme. Pamoja na maarifa hayo zilizuka na imani zisizo na msingi. Maarufu zaidi ilidai kwamba sensa ya kilango cha hewa lazima irekebishwe isome volti 0.98 kamili, na watu walipanua matundu ya skrubu kwa tupa ili kuifikia. EEC-IV hujifunza yenyewe kiwango cha chini, na haikuhitaji mateso hayo.

Ubishi mrefu zaidi ulihusu namna ya kuunga. Mafundi wa redio waliamini katika risasi ya kulehemu. Viwanda vya magari vilitumia vibanio vya chuma vilivyominywa kwa koleo maalumu, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzikakamaza, na mtikisiko wa injini hukata waya pembeni kabisa mwa kiungo. Kwa waya ulioshikizwa usicheze, njia zote mbili zinafaa. Kwa waya unaoning'inia karibu na injini, kibanio kizuri chenye mrija wa plastiki unaonywea kwa joto ni bora, na koleo la bei rahisi huharibu zaidi kuliko kukosa koleo kabisa. Jambo lisilo na ubishi ni ethi. Injini ikirudishwa bila mkanda wake wa ethi kwenye bodi, umeme mkubwa wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi betrini, nao huweza kupitia waya mwembamba wa sensa na kuunguza njia yake ndani ya kompyuta.

Wakati huohuo Australia ilikuwa ikizalisha kompyuta zisizofungwa na kiwanda chochote cha magari: Haltech mwaka 1986, MoTeC mwaka 1987. Mwaka 2001 Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo walitoa MegaSquirt, kompyuta ambayo mtu aliweza kuiunganisha mwenyewe mezani kwa vipuri vidogovidogo. Pamoja nazo likaja tatizo la sensa ya krenki. Ile ya sumaku na koili hutoa umeme hafifu sana injini inapoanza kuzungushwa, na waya wake ukilala sambamba na nyaya za plagi huokota kelele ambazo kompyuta huzihesabu kama meno ya gurudumu. Dawa yake ni nyaya mbili zilizosokotwa ndani ya gamba la nyuzi za chuma, na gamba hilo lifungwe ethi upande mmoja tu. Likifungwa pande zote mbili, lenyewe huwa njia ya umeme na kuleta kelele lililowekwa kuizuia.

Mwaka 1996 Marekani ilidai magari yote mapya ya abiria yawe na mfumo wa kujipima kasoro uitwao OBD-II, wenye soketi ya pini 16 na namba za kasoro zilizosanifishwa. Msaada ulikuwa mkubwa, na makosa mapya yakaja nao. Namba P0118 husema kwamba umeme wa mzunguko wa sensa ya joto la maji uko juu mno. Sababu yaweza kuwa sensa, waya uliokatika au pini iliyorudi nyuma, lakini wengi huisoma kama amri ya kununua sensa. Injini za LS za General Motors, zilizoanza na Corvette ya 1997 na zikawa kipenzi cha kupandikizwa katika magari mengine, ziliongeza mtihani wao: za mwanzo zina gurudumu la krenki la meno 24, za baadaye 58, na kompyuta ya moja haisomi lingine. Kisha ikaja CAN, njia ya nyaya mbili ya kupashana habari kati ya kompyuta za gari, ambayo Bosch iliitangaza 1986 na ambayo magari yote mapya ya Marekani yalilazimika kuitumia kwa upimaji kuanzia modeli ya 2008. Ukinzani wake, betri ikiwa imetolewa, husomeka omu 60. Mita ikisoma 120, ama kinzani cha mojawapo ya ncha zake mbili kimekosekana ama waya umekatika.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango mwingine. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika kupitia Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1990, yaliandamana na biashara ya injini na vichwa vya magari vilivyokatwa, ambavyo nyaya zake mara nyingi zilikuwa zimekatwa pamoja navyo. Mafundi wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, wa Kisekka jijini Kampala na wa Gerezani jijini Dar es Salaam walijifunza kuunganisha makumi ya nyaya bila mchoro. Toyota za wakati ule ziliwasaidia: kipande cha waya kati ya pini TE1 na E1 hufanya taa ya injini ipepese, mara mbili kisha mara mbili ikimaanisha 22, mzunguko wa sensa ya joto la maji. Rangi za nyaya haziaminiki kiasi hicho, kwani rangi ileile hufanya kazi tofauti katika modeli tofauti.

California, ilikoanzia habari hii, huruhusu injini ngeni ndani ya gari kwa sharti kwamba iwe ya mwaka wa gari lenyewe au mpya zaidi, na ije na sensa na vifaa vyake vyote vya moshi vikiwa vinafanya kazi. Sharti hilo limeokoa nyaya nyingi zisikatwe ovyo. Kwa gari la zamani lililokwishapita mikononi mwa wamiliki wengi, kuvuta wayaringi mpya ya injini kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye sensa ya mwisho ni nafuu kuliko kusaka kiungo kimoja kibovu chini ya tepu ya watu watano.