BREKI NA MITEREMKO: UFUNDI WA MAGARI YA ZAMANI KATIKA MASISI NA WALIKALE

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri katika Kongo ya Mashariki aghalabu imeandikwa kama historia ya barabara: nani aliichonga, nani aliitumia, na lini iliharibika. Gari lenyewe hutajwa kwa nadra, na fundi wake kwa nadra zaidi. Makala haya yanalitazama suala hilo kutoka chini ya gari, mahali fundi anapolala chali. Hoja yake ni kwamba katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za mkoa wa Kivu ya Kaskazini, kilichoamua kama gari la zamani litaendelea kuishi si nguvu ya injini, bali uwezo wake wa kushuka mlima salama. Uwezo huo haumo katika breki peke yake. Umo katika mfumo wote unaounganisha injini na magurudumu.

2.0 Nchi na njia zake

Mji wa Goma uko kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake una mwinuko wa mita 1,460 hivi. Njia ya magharibi hupita juu ya mawe ya volkano hadi Sake, karibu na mahali ambapo lava ya Nyamulagira iliingia ziwani katika mlipuko wa 1938 hadi 1940. Kutoka Sake hupanda kwenye malisho ya Masisi, yanayozidi mita 2,000, kisha kupitia Nyabiondo huteremka hadi msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000. Gari moja hukutana na mawe makali, udongo wa mfinyanzi na mito ya msituni katika safari hiyohiyo.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, njia hizo zilitunzwa kwa kazi ya lazima ya wanavijiji. Masisi ilipata mashamba ya walowezi, na kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko maelfu ya watu kutoka Rwanda. Mazao, ng'ombe na jibini vilihitaji kufikishwa Goma. Baada ya uhuru wa 1960 utunzaji wa barabara ulidhoofika. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa mashamba na maduka ya wageni, na biashara ya kuagiza vipuri ikayumba pamoja na biashara nyingine. Gari lililoharibika halikuweza tena kusubiri kipuri kipya kutoka Ulaya. Lilimsubiri fundi.

3.0 Magari na breki zake

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toyota ilianza kutengeneza mtangulizi wa Land Cruiser mwaka 1951, ikatoa aina maarufu ya 40 mwaka 1960, na aina ya 70 mwaka 1984. Aina za mwanzo za magari yote mawili zilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Ndani ya dramu, viatu vya breki husukumwa nje na kubana ukuta wake. Katika mteremko mrefu dramu hupata joto na kutanuka, ikajitenga na viatu. Pedali hushuka zaidi na zaidi, na gari halishikiki. Gari likivuka mto, maji na tope hubaki ndani ya dramu. Isitoshe, magari mengi ya mwanzo yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki.

Ndiyo maana uboreshaji wa kwanza wenye maana haukuwa injini kubwa zaidi. Ulikuwa masta silinda yenye vyumba viwili, ili chumba kimoja kikivuja kingine kibakishe breki za mbele au za nyuma. Uliofuata ulikuwa diski za mbele, ambazo hupoa upesi na kutupa maji nje zinapozunguka. Hata hivyo, diski haiongezwi kama kiraka. Masta silinda zilizotengenezwa kwa dramu aghalabu zina vali inayobakiza shinikizo dogo katika bomba. Shinikizo hilo likibaki kwenye diski, breki hujikokota na kuungua hata dereva asipokanyaga. Fundi anayehamisha ekseli ya mbele kutoka gari jipya zaidi hana budi kuhamisha pia masta silinda inayolingana nayo. Asipofanya hivyo, atakuwa amemuuzia mwenye gari hatari mpya kwa bei ya usalama.

4.0 Ekseli kama breki

Dereva wa mlimani hushuka kwa gia nzito, akiiacha injini imshikie gari, na huihifadhi pedali kwa dharura. Lakini nguvu ya injini ya kuzuia hufika kwenye magurudumu kwa kupitia klachi, gia boksi, transfa, propela shafti, difu na hafu shafti. Kiungo kimoja kikikatika, breki hiyo hutoweka. Kwa hiyo msalaba wa propela uliolegea, ambao kwenye tambarare ni kelele tu, katika mteremko wa kuelekea Sake ni suala la uhai wa abiria walioketi juu ya magunia.

Land Rover za zamani zinatoa mfano ulio wazi zaidi. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, nyuma ya transfa. Hafu shafti ya nyuma ikikatika, difu huruhusu magurudumu kuzunguka ingawa propela imeshikwa, na gari lililoegeshwa mlimani huanza kuondoka lenyewe. Wakati huohuo muundo huo una rehema yake: hafu shafti ya nyuma hutolewa kwa kufungua boliti chache bila kuondoa gurudumu, na gari hurudi nyumbani likivutwa na ekseli ya mbele.

Sili iliyochakaa nayo huruhusu oili ya difu ifike kwenye viatu vya breki. Anayebadili viatu bila kubadili sili ameosha mikono bila kuziba chanzo cha uchafu.

5.0 Ufundi wakati wa vita

Machafuko yaliyoanza Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na wimbi la wakimbizi lililofika Goma Julai 1994, yaliijaza nchi hiyo magari ya misaada, hasa Land Cruiser. Baadaye madini ya bati ya Bisie yaliivuta biashara hadi ndani ya msitu. Barabara zilikuwa mbovu kiasi kwamba ndege ndogo za mizigo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, karibu na Walikale, kupakia madini hayo. Mapigano yaliyoanza upya mwishoni mwa 2021 yalifika Masisi mjini Januari 2025 na Walikale mjini Machi 2025. Katika hali hiyo gari la zamani lina faida moja: chuma chake kinaeleweka kwa jicho na kwa mkono, bila mashine ya kompyuta.

Lugha ya kazi hii nayo ina historia. Shule za ufundi za Kongo zilifundisha kwa Kifaransa, ambacho huiita ekseli kwa neno lilelile la daraja. Vipuri vinavyopitia Mombasa na Kampala huja na majina ya Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachoyakutanisha majina hayo katika gereji moja, fundi anapomwelekeza mwanafunzi wake.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Historia ya usafiri imekuwa ikimtazama yule anayepanda: mlowezi, mfanyabiashara, msaidizi wa kigeni. Huko chini anasubiri fundi, ambaye sili aliyoifunga na hafu shafti aliyoichagua ndizo zitakazoamua kama gari litafika kwake likiwa na watu wazima. Maarifa yake hayamo katika kumbukumbu za serikali. Yamo katika maneno ya gereji, na wanaochunguza Kiswahili wana wajibu wa kuyakusanya kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka.