Gari Hili Lilijengewa Nani?

Kila jioni kwenye steji za Nairobi kuna kura inapigwa. Gari mbili zinaelekea njia moja. Ya kwanza ni basi tulivu, rangi moja, limebakisha viti vichache. Ya pili ni nganya: taa za zambarau, skrini kila upande, wufa ya kutikisa vioo, na nauli iko juu kidogo. Vijana wataacha ile ya kwanza iende. Mama aliyetoka Marikiti na mzigo wake atapanda hiyo hiyo, tena mbio. Kura hii haikuanza leo.

Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi Nairobi mwaka wa 1934. Baada ya uhuru watu walimiminika mjini, mitaa ikapanuka, na mabasi hayakutosha. Pengo hilo lilizibwa na magari makuukuu yaliyobeba watu kimagendo kwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Hapo ndipo jina matatu lilipotoka. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akayaruhusu yafanye kazi bila leseni ya usafiri wa abiria.

Nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma, na abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Shosho yangu anazikumbuka bila mapenzi mengi. Anasema ulikuwa ukipanda na mtu humjui, unashuka ukijua anaumwa wapi. Basi la KBS kwake lilikuwa na heshima, ila halikuwa na haraka na wewe. Matatu ilikubana mbavu lakini ilikungoja.

Halafu miaka ya tisini ikaleta manyanga. Fundi wa hapa hapa alichukua chesisi ya lori, akaichomelea fremu ya chuma, akaivisha mabati, kisha mchoraji akamaliza kazi kwa sura za wanamuziki na wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Wazazi waliona kelele na uhuni. Vijana waliona kitu kingine: kabla redio za FM za kibinafsi hazijaingia katikati ya muongo huo, muziki mpya ulikuwa unausikia ndani ya mathree. Kwa hivyo kungoja manyanga haikuwa ujinga. Ilikuwa ni kulipia safari na burudani kwa nauli moja.

Februari 2004 sheria za John Michuki zikaanza kutekelezwa. Nissan iliyokuwa ikibeba abiria 18 ikashushwa hadi 14. Mikanda, vidhibiti mwendo, sare za makanga, na ule mstari wa manjano ubavuni. Shangazi yangu husema hiyo ndiyo mara ya kwanza aliketi kwenye matatu akajihisi mtu, si gunia. Binamu yangu, aliyekuwa sekondari wakati huo, anasema jiji lilikufa rangi. Nimewasikiliza wote wawili na naona kila mmoja ana haki yake. Sheria iliyompa mmoja kiti ndiyo iliyomfutia mwingine picha.

Michoro ilirudi pole pole, Uhuru Kenyatta akaja kuitetea hadharani akiwa Rais, na leo nganya ni sanaa ambayo watalii wanapiga picha. Poa sana. Mimi mwenyewe nazipenda.

Lakini kuna abiria mmoja ambaye katika miaka hiyo yote kura yake haikuhesabiwa. Kumbuka ile chesisi ya lori. Lori hujengwa juu ili libebe mzigo, kwa hivyo hata basi lililokalia chesisi hiyo huwa na sakafu ya juu. Ndiyo maana ngazi ya kwanza inamfika mzee karibu na goti, na makanga lazima amvute mkono. Ujia katikati ya viti ni mwembamba. Mtu wa kiti cha magurudumu habishani kuhusu nganya na basi tulivu, kwa sababu zote mbili zinampita.

Na si eti sheria haikuwepo. Mwaka ule ule wa 2003 kanuni za Michuki zilipotangazwa, Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotaka magari ya abiria yarekebishwe yawafae. Serikali ilipotaka mstari wa manjano, matatu za nchi nzima zilipakwa rangi. Mlango haukuguswa. Tofauti ni kwamba gari lisilo na mstari lilikamatwa, na lisilo na mlango wa kufaa liliachwa liende.

Tangu 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi. Abiria wanayasifia kwa kutokuwa na moshi, na wengine wanalalamika eti ni kimya kama kanisa Jumatatu. Maoni mazuri yote. Ila kwa vile chesisi ya umeme ndiyo inaanza kupangwa sasa, huu ndio wakati wa kuuliza urefu wa ngazi, kabla hatujarudi kubishana kuhusu spika.