DAMU SI MAJI? (Sehemu ya 4: saratani ya damu kwa watoto)

Juzi baada ya kliniki mama mmoja aliniuliza: "Nesi, saratani si uvimbe? Sasa hiyo ya damu uvimbe wake uko wapi?"

Mwenzangu, swali hilo liliwapita hata mabingwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa upasuaji Judah Folkman alikuwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani. Yeye na mwenzake walipandikiza seli za saratani kwenye tezi iliyotolewa mwilini, ikatunzwa hai ndani ya chombo. Uvimbe ukakua kidogo tu, kama kichwa cha pini, ukagoma. Kuurudisha kwa panya hai, ukavimba haraka. Kwa panya ulipata mishipa mipya ya damu ya kuulisha. Mwaka 1971 akaandika kwamba uvimbe unaita mishipa yake wenyewe. Wengi walimbeza.

Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaipata protini inayoita mishipa, VEGF. (Usiiogope, hata kidonda cha mwanao kinaihitaji ili kipone.)

Saratani ya damu ikaachwa pembeni. Iko ndani ya damu tayari, mishipa ya nini tena? Hadi 1997, watafiti wa Boston, Folkman akiwemo, walipochunguza uboho wa watoto wagonjwa wakakuta mishipa mingi kupita kawaida. Kumbe kwake ni ndani ya mfupa, na huko inajenga.

Je, VEGF inaweza kutuambia mtoto yupi atapona? Kwa watu wazima, baadhi ya tafiti ziliona ikiwa juu sana, hali huwa mbaya zaidi. Kwa watoto majibu yalipishana. Kwa hiyo mtu asikuuzie kipimo hicho. Madaktari huangalia umri, wingi wa chembe nyeupe siku ya kwanza, na uboho unavyosafika baada ya dawa za mwanzo.

Hiyo siku ya kwanza ndiyo tunayoipoteza sisi. Mtoto amepauka, homa inarudi, mifupa inauma, ana madoa ya damu chini ya ngozi, nasi tunarudia dawa ya malaria. Mpeleke Mugumu apimwe picha nzima ya damu. Ikibidi, watamwandikia rufaa ya Bugando, Mwanza.

Yule mama hakuuliza bure. Mtoto wa dada yake amemeza dawa ya malaria mara tatu tangu Pasaka, na bado kapauka. Jumatatu wanapanda gari la Mugumu.