Kugeuza tangi la samaki wa maji baridi kuwa la maji chumvi ukiwa Shinyanga au Geita

Umefuga samaki wa maji baridi, wamekaa vizuri, na sasa unawataka wale kina Nemo wa rangi ya chungwa. Inawezekana, hata ukiwa Kahama, mbali kabisa na Bahari ya Hindi. Tangi la kioo ni lilelile, lakini karibu kila kilichomo kitabadilika.

Wengi hukosea kwenye chumvi. Ya jikoni haifai, hata ile ya Uvinza. Karibu yote ni sodiamu kloraidi, wakati maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalisiamu na madini mengine. Agiza chumvi maalumu ya akwariamu. Kipimo ni kama gramu 35 kwa lita, hivyo tangi la lita 100 linakula kilo 3.5, na utahitaji nyingine kila ukibadilisha maji. Piga hesabu hiyo kwanza, maana hapo ndipo wengi huishia njiani. Kusomba maji ya bahari kwa madumu kutoka Dar nako si dili: vijidudu vilivyomo hufa na kuoza safarini.

Maji ya bomba ya Kahama na Shinyanga, yanayovutwa Ziwa Victoria pale Ihelele, yanaweza kutumika ukishaondoa klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikifanya kazi. Usichote kisimani wala mtoni karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu, kwa sababu ya zebaki na metali nyingine. Hata shaba kidogo tu huua kamba na konokono wa baharini. Kama uliwahi kutibu samaki wako kwa dawa yenye shaba, tupa changarawe yote.

Hamisha samaki na mimea ya zamani. Usijaribu kuwazoesha chumvi kidogo kidogo, watakufa (moli wanaweza, ila taratibu sana). Weka mchanga wa matumbawe, changanya maji mapya, pima kwa haidromita hadi ifike 1.025, na joto liwe nyuzi 25 au 26.

Sasa subiri wiki 4 hadi 6. Bakteria wa filta ya zamani hawategemewi kwenye chumvi, wapya lazima wakue. Tia chakula kidogo cha samaki kioze ili wapate amonia. Samaki asiingie mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri. Kwa kweli uvumilivu hapa ni mgumu kuliko gharama.

Kiangazi maji yakipungua, ongeza maji baridi yaliyoondolewa klorini, siyo ya chumvi, kwa kuwa chumvi haipai na mvuke. Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Maji chumvi hubeba oksijeni pungufu, na umeme ukikatika usiku mzima unaweza kuamka na tangi la maiti.

Anza na Nemo wawili waliozalishwa kwenye matangi, siyo waliovuliwa baharini. Hao huzoea chakula cha paketi mapema.