Ardhi ya Kijiji, Nyumba ya Mtu

Somo la leo ni la historia, nasi tutalianzia karibu, Butiama, pale Mwitongo. Wazee wa Mara wanaijua maana ya jina hili. Itongo ni mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu, kisha wakahama. Hapo ndipo palipokuwa na mji wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mwanawe Julius Kambarage alizaliwa mwaka 1922.

Siku zile mtu aliyetaka kujenga hakununua kiwanja. Alikwenda kwa wazee, akaonyeshwa mahali. Akakata miti, akakanda udongo, akaezeka nyasi. Majirani wakamsaidia, naye akawapikia. Nyumba ilikuwa yake. Ardhi haikuwa yake peke yake. Kwa hiyo hata maskini alipata pa kulala, maana gharama ya nyumba ilikuwa jasho tu.

Mwaka 1958 Serikali ya Kiingereza ilitoa shauri kwamba Waafrika waweze kupewa ardhi iwe mali yao kabisa, ya kuuza na kuweka rehani. Shauri hilo liliwavutia baadhi ya watu. Mwalimu Nyerere alilipinga katika maandishi aliyoyaita "Mali ya Taifa". Alisema mtu akifyeka pori, kazi ya kufyeka ni yake, lakini ardhi yenyewe aliikuta. Ikiuzwa kama nguo, wachache wenye fedha watainunua, na wengine watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, sheria iliufuta umilikaji wa namna ile, na wenye ardhi hizo wakawa wakodishwaji wa Serikali kwa miaka 99.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa historia yetu ina uchungu. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mwaka 1974 Operesheni ilifika Mara. Watu waliacha nyumba zao, miti yao na makaburi ya wazazi wao, wakapelekwa kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Pengine nyumba za zamani zilibomolewa ili mwenyewe asirudi. Matongo yakawa mengi! Ni kweli, viko vijiji vilivyopata shule na zahanati kwa njia hiyo. Lakini ardhi iliitwa ya wote, na hao wote hawakuulizwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, ilitungwa mwaka 1999, mwaka ule ule Mwalimu alipofariki na kuzikwa Mwitongo. Ilianza kutumika Mei 2001. Kwa sheria hii Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini. Mdhamini ni mtu anayetunza mali ya wengine. Haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji umekubali, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Serikali ikitaka kuichukua ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Mkutano hutoa maoni, na Waziri huamua. Kumbukeni tofauti hiyo. Ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Wenzetu wa Voi, nchini Kenya, walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990, wakazi wa mtaa uitwao Tanzania-Bondeni (sikukosea, ndilo jina lake) walikuwa wamejenga bila hati. Walipoulizwa, wengi hawakutaka kila mtu apewe hati yake. Waliogopa matajiri wangezinunua. Wakachagua ardhi ishikwe na jumuiya nzima: mtu aweza kuuza nyumba yake, lakini ardhi iliyo chini yake hauzi. Na huko Voi waliulizwa kwanza.

Kabla ya somo lijalo, nendeni katika ofisi ya kijiji chenu mkaulize mambo mawili: ardhi ya akiba iko upande gani, na Mkutano Mkuu wa mwisho ulikaa lini? Andikeni majibu katika daftari, mje nayo darasani. Kwaherini.