UZI: Ahadi ya kidijitali na darasa la uhasibu

Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aahidi "elimu ya kidijitali". Mnakumbuka 2013, ati kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza? Vifaa vilianza kufika shuleni 2016, na watoto wakapata tabuleti. Tangu hapo mjadala wetu umekwama kwenye kifaa: tenda ni ya nani, bei ni gani.

Sasa tazameni lahajedwali, hii mnayoiita Excel. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, Marekani. Ubaoni mwalimu ana jedwali la hesabu; akibadilisha tarakimu moja, anafuta na kuandika upya nyingine kibao. Bricklin akaona hii kazi ni ya kompyuta. Yeye na Bob Frankston wakaunda VisiCalc, ikauzwa 1979. Excel yenyewe ilikuja 1985.

Yaani shida ya darasani ilitangulia, chombo kikafuata. Sisi huanza na tenda.

Kwetu Kasneb ilianzishwa 1969, miaka kumi kabla ya VisiCalc. Wahasibu wa enzi hizo walijifunza kwa kalamu na leja, na sioni ubaya. Waulize makomredi wa BCom: wengi watakwambia kuchora akaunti za T kwa mkono ndiko kulikowaonyesha kwa nini debiti inakaa upande ule. Hawaichukii kalamu. Wanacholalamikia ni mtihani. Darasani unahimizwa ujue Excel, halafu mtihani ni karatasi na kalkuleta. Ukienda atachimenti unakalishwa mbele ya mfumo hujawahi kuuona. Na KRA haikungoji: eTIMS ilikuja 2023, na tangu 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara yake inakuletea shida wakati wa kodi.

Kuna na ile ya Machi 2020, vyuo vikafungwa, masomo yakahamia mtandaoni. Bando akanunua nani? Mwanafunzi. Na uhasibu hauvumilii mtandao mbovu. Ukikatika dakika mbili, unarudi unakuta mizania imeshalingana na hujui ile tofauti ilipotelea wapi. Hilo sijasikia likijadiliwa jukwaani hata siku moja.

Wa BCom mlio hapa: mtihani wenu wa mwisho ulikuwa karatasi au kompyuta? Na bando la masomo, kwa mwezi linakula ngapi?